Namba Ndani ya Sanduku la Nyaya

Mtaa wa Iftin ulimwita Mzee wa Simu, nami nitamwita hivyo hivyo. Alikuwa jirani yangu kwa miaka kumi na mmoja, ukuta kwa ukuta, na sidhani kama katika miaka hiyo zilipita siku tatu mfululizo bila mimi kumsikia akimgombeza mtu. Aligombeza wauza maziwa waliotia maji. Aligombeza madereva waliopiga honi bila sababu. Aligombeza redio, akiwa peke yake chumbani, kwa sauti iliyonifikia jikoni kwangu. Naandika habari zake nami nikiwa na hasira. Nyingine ni hasira aliyonifundisha yeye, nyingine ni yangu juu yake, na siku hizi sijui vizuri mpaka wake uko wapi.

Mimi si mtu wa Garissa. Natoka Hola, nililetwa huku kufundisha kemia, nikakaa. Kwa hiyo mimi na Mzee tulizungumza Kiswahili, na Kiswahili chake kilikuwa cha ofisini na cha juu ya nguzo, alichojifunza kwa wenzake wa kila kabila walipokuwa wakitandaza nyaya za simu. Herufi ya p ilimtoka kama b. Neno lake kubwa lilikuwa "kupima", na kinywani mwake likawa "kubima". Maneno yake mengine nitayaandika yakiwa yamenyooka, lakini hilo siwezi kulisikia kwa namna nyingine.

"Nani amebima?" Hilo ndilo swali alilomtupia kila mtu. Daktari akisema presha imepanda: nani amebima, na kwa mashine gani? Diwani akisema barabara ina urefu kadhaa: nani amebima? Mtu ambaye hakupima, kwa Mzee, alikuwa mwongo hata kama alisema kweli kwa bahati.

Ijumaa moja kipaza sauti cha msikiti kilikuwa kikivuma, mngurumo ule wa waya usiokaa sawa, na hotuba nzima ikapotea ndani yake. Wanaume wote walivumilia. Walipomaliza tu kuswali, Mzee alinyanyuka, akaenda moja kwa moja kwenye mtambo, akachomoa waya, akaumenya kwa meno, akausokota upya na kuurudisha. Mngurumo ukakoma. Imamu akaanza kumshukuru. Mzee akamjibu kwamba waya ule ulikuwa umelegea kwa miezi mitano na kwamba kila aliyeswali pale aliusikia akanyamaza. Kisha akaondoka kwa hasira, akasahau viatu. Mkewe ndiye aliyetumwa kuvifuata.

Alipokuwa kazini, aliwahi kumkatia simu mkubwa mmoja wa serikali. Alinisimulia mwenyewe. Mkubwa yule alimtukana msichana wa swichibodi mpaka akalia, na Mzee alikuwa pale na koleo mkononi. Akapanda nguzo, akakata. Siku nne mkubwa hakuwa na simu, na kila siku Mzee ndiye aliyetumwa kutafuta hitilafu.

"Ulimwambia umeona nini?" nilimuuliza.

"Nilimwambia ni mchwa."

Alisema hivyo bila kucheka. Ningepaswa kutambua siku ile kwamba anaweza kudanganya. Lakini nilicheka mimi, nikampenda zaidi.

Aliwatengenezea akina mama wa mtaa pasi, redio na taa, na hakuchukua chochote. Wengi wao lakini walipendelea kupeleka vitu vyao sokoni, kwa sababu sokoni fundi hawezi kukusomea makosa yako tangu ulipochomeka pasi kwenye soketi iliyoungua. Ukutani kwake zilitundikwa simu mbili nyeusi za zamani, hazijaungwa popote, amezisugua zikang'aa. Simu ya mkononi alikuwa nayo, ndogo ya vibonyezo, imezimwa, ndani ya kikombe. Alisema hawezi kuamini sauti inayopita hewani bila kushikwa na kitu.

Sasa nieleze kilichotokea baina yetu.

Kule Bute, Wajir Kaskazini, kuna shule ya wasichana iliyobaki bila mwalimu wa kemia. Walimu wa kutoka nje waliondoka kwa hofu ya kushambuliwa, na waliotakiwa kuja mahali pao hawakuletwa. Barua ziliandikwa, zikajibiwa kwa barua. Nilikasirika wakati ule na bado nimekasirika, kwa sababu mtihani wa taifa haukuulizi kama ulikuwa na mwalimu. Mkuu wa shule ile tulifahamiana kwenye semina, akaniomba niwafundishe wasichana wake wa kidato cha nne kwa njia ya mtandao. Shuleni kwao walikuwa na dishi linaloshika intaneti na skrini moja. Kilichobaki ni upande wangu.

Nilijaribu simu ya mkononi. Picha ilikatika kila baada ya dakika mbili, na wasichana waliniambia baadaye kwamba wakati mwingi waliona uso wangu umeganda, mdomo wazi. Nilihitaji intaneti ya nyumbani, ya waya. Na Garissa wakati ule, kwa mtaa wetu, waya ulikuwa wa aina mbili. Kulikuwa na waya wa simu, ule wa shaba uliotandazwa na kina Mzee, ambao ofisi ya simu ilikuwa bado inautoa kwa wachache waliouomba. Na kulikuwa na kebo mpya ya faiba, ya kampuni iliyokuwa imepitisha nguzo zake mpaka kona yetu.

Kijana wa kampuni alikuja na fulana ya rangi kali na vipeperushi. Mzee alikuwa ameketi kizingitini kwangu, akinywa chai ya maziwa ya ngamia niliyompa.

"Madam, hii ni spidi ya ajabu," kijana akasema. "Waya wa simu ni wa kizamani. Huo hata sisi tunashangaa bado uko."

"Nyumba ngapi zinakunywa kwenye kebo hiyo?" Mzee akauliza.

"Mzee, hii si ya kunywa."

"Nyumba ngapi?"

Kijana hakujua. Mzee akamuuliza jioni spidi inakuwa ngapi, siku ya mvua inakuwa ngapi, na nani amebima. Kijana akatabasamu, akaniambia mimi, si yeye, kwamba wazee huwa hivyo. Mzee akasimama, akamshika kiwiko na kumtoa mpaka barabarani, akamrudishia vipeperushi vyake vikiwa vimekunjwa vizuri.

Kisha akakaa, akanieleza. Na hakuna mtu aliyewahi kunieleza jambo hilo vizuri zaidi. Waya wa simu, alisema, ni bomba lako mwenyewe kutoka kisimani. Ni jembamba, na kadiri unavyokaa mbali na ofisi ndivyo maji yanavyopungua njiani, lakini hakuna anayekunywa humo ila wewe. Kebo ni birika moja kubwa la mtaa. Ukifika asubuhi, maji tele. Ukifika jioni, mifugo yote imeshatangulia, unalamba tope.

"Wewe unafundisha saa ngapi?"

"Alasiri mpaka Magharibi."

"Basi unafika na mifugo."

Nilimwomba anipimie laini ya nyumba yangu, maana nyumba ilikuwa na waya wa zamani wa mwenye nyumba. Alifurahi kama mtu aliyeitwa harusini. Alikuja na kipimo chake ndani ya mfuko wa ngozi, akapima ukutani kwangu, kisha akaufuata waya kwa miguu mpaka kwenye sanduku la nyaya, lile la chuma kando ya barabara ya soko la mifugo. Alikaa huko muda mrefu. Aliporudi alikuwa amelowa jasho, ndevu zake za hina zimeshika vumbi.

"Nimebima," akasema. "Laini ni safi."

Nikachukua waya wa simu.

Miezi miwili ilikwenda vizuri. Wasichana walikuwa ishirini na wawili. Aliyeuliza zaidi aliitwa Fardosa, alikaa mbele kabisa, na alitaka kuwa muuguzi. Hawakuwa na maabara. Nilikuwa naazima chupa ndogondogo shuleni kwangu na kuwaonyesha mbele ya kamera: ukitia hiki kwenye chumvi ya chuma, linashuka tope la kijani, kwenye chumvi ya risasi, jeupe. Mzee alisikiliza kupitia ukutani. Mara moja aliniambia, "Yule wa sauti nyembamba akiuliza, usimkatize. Anauliza swali la pili kabla hujamaliza la kwanza kwa sababu amekwisha elewa la kwanza." Alikuwa akimsema Fardosa.

Nilipanga kumaliza kazi yote ya chumvi na rangi zake katika wiki ya mwisho, ili wasichana waingie kwenye mtihani wa vitendo picha zikiwa bado mbichi kichwani. Jumatatu ya wiki hiyo mvua ilinyesha. Laini ikafa.

Nilizima modemu, nikaiwasha. Nilipiga simu ofisi ya simu. Nilijaribu simu ya mkononi, nayo kwa mvua ile ilikuwa bure. Bute haifikiki kwa siku moja hata barabara ikiwa kavu, na siku zile magari yalikwama Wajir. Mkuu wa shule aliniambia kwamba wasichana walikaa mbele ya skrini tangu alasiri hadi giza, wakakataa kwenda kula, kwa sababu walidhani nitatokea. Walifanya hivyo Jumatatu, Jumanne na Jumatano.

Alhamisi fundi mmoja wa ofisi ya simu alikubali kuja, nikaenda naye mpaka kwenye sanduku. Alipolifungua, maji yalitiririka. Kiungo cha waya wangu kilikuwa kimefungwa kwa mfuko wa nailoni na kipande cha tyubu ya baiskeli, na ndani yake shaba ilikuwa imeoza, imegeuka kijani.

"Nani aliyefunga hivi?" nikauliza.

"Hii ni mikono ya Mzee wa Simu," fundi akasema. "Hakuna mwingine anayefunga fundo kama hili."

Kisha akaniita nitazame upande wa ndani wa kifuniko. Palikuwa na kikaratasi kimegandishwa kwa utepe. Tarehe ilikuwa ya siku ile aliyonipimia. Kando yake, kwa hati yake iliyonyooka kama ya karani, namba. Fundi aliisoma, akapiga mluzi. Akanieleza kwamba laini yenye namba ile haifai kuuzwa kwa mtu yeyote, na kwamba mvua ya kwanza tu ingeiua.

Alikuwa amepima. Alikuwa ameandika ukweli, kwa sababu mkono wake haukujua kuandika kitu kingine. Kisha akaufungia sandukuni, akaja kunidanganya.

Nilimkuta uani kwake. Nilikuwa nimekibandua kikaratasi kile, nikakiweka juu ya meza yake, karibu na glasi ya chai. Alikitazama tu, hakukigusa.

"Ulijua," nikasema.

"Nilijua."

"Kwa nini?"

"Ungechukua kebo."

"Ningechukua kebo, ndiyo! Na leo ningekuwa nafundisha!"

"Laini zilikuwa zimebaki tisa mtaa huu," akasema. "Zikipungua zaidi wanafunga. Nilidhani nitakuja kukirekebisha kiungo kabla ya mvua. Nilikuwa nasubiri sehemu nzima ya waya. Nilimwomba mtu wa ofisini mara tatu."

"Wasichana wamekaa siku tatu mbele ya skrini."

Nilimwambia mambo ambayo sitayaandika. Nilimwambia kwamba maisha yake yote amewaita watu waongo. Mkewe alitoka jikoni, akasimama mlangoni na mtandio mdomoni, na mimi sikukoma. Alinyamaza muda wote, yeye ambaye hakuwahi kumwachia mtu amalize sentensi.

Tangu siku hiyo sikumwamkia. Mtihani ukapita kabla laini haijapona. Mwaka uliofuata nikachukua kebo ya faiba, kwa ajili ya darasa jipya la Bute.

Na yule kijana wa fulana naye alikuwa mwongo. Asubuhi spidi ilikuwa ya ajabu kweli. Alasiri, watoto wa mtaa wakishatoka shule na kila nyumba imewasha, nilikuwa nalamba tope, vile vile alivyoniambia Mzee. Ukipiga simu wanakwambia zima, washa. Ukisema umeshazima na kuwasha, wanakwambia subiri, fundi yuko njiani, na njia hiyo haina mwisho. Kisha lori lililobeba nyasi kavu likaikata kebo, kwa sababu walikuwa wameitundika chini kiasi kwamba hata ngamia angeivaa shingoni. Mtaa mzima ukakaa bila intaneti. Wiki ikapita, ikaanza ya pili. Nilikwenda ofisini kwao, nikapewa namba ya malalamiko, nikarudi nyumbani na namba hiyo.

Mkewe Mzee ndiye aliyeniambia alichokuwa akifanya mumewe. Tangu kebo ilipofika, aliazima simu kubwa ya mkwewe kila siku baada ya swala ya Alasiri, akaingia kwa fundi cherehani, kwa muuza nyama, kwa mwalimu wa madrasa, akapima spidi ya intaneti yao. Yeye, na simu inayopita hewani. Kwangu hakubisha hodi. Kila kipimo alikiandika kwenye daftari la shule: nyumba, saa, namba. Kebo ilipokatwa, alilichukua daftari akaenda ofisi ya kampuni. Meneja, mtu wa kutoka Nairobi, alimwambia, "Mzee wangu, hii ni teknolojia. Si zile nyaya zenu za mkoloni." Mzee akauliza kama meneja mwenyewe amebima. Akatolewa nje na askari wa mlangoni, mtoto wa rafiki yake, aliyekuwa akimwomba msamaha huku akimsukuma.

Kesho yake akarudi na kiti chake mwenyewe. Alikaa mbele ya mlango wa kioo na daftari wazi magotini, na kila mteja aliyekuja kuomba kuungwa alimsomea spidi za mtaa wetu, saa kwa saa, bila kuongeza neno. Hakugombeza. Watu walisikiliza, wakageuka. Siku ya tano gari la kampuni lilikuja Iftin na ngazi mbili, kebo ikaungwa na kuinuliwa, na ikawekwa nyingine ya pili ili mtaa ugawanywe. Jioni ile nilifundisha somo zima bila kukatika hata mara moja.

Sikwenda kumshukuru. Kila nilipotaka kwenda niliona ile skrini ya Bute na wasichana ishirini na wawili mbele yake. Matokeo yao yalikuwa yametoka. Swali la chumvi lilikuja, kama kila mtu alivyojua litakuja, na wengi wao walikisia rangi ambazo hawakuwahi kuziona. Fardosa alikosa kidogo tu alama za kumwingiza chuo cha uuguzi. Alikuwa nyumbani kwao Bute, akijiandaa kurudia. Aliniandikia kwamba labda sayansi haikuumbiwa kichwa chake. Nilimjibu kwamba ilikuwa mvua.

Mwezi uliopita nilikuwa natoka sokoni nikakuta lori la ofisi ya simu kando ya barabara. Walikuwa wanashusha waya wa shaba, wote, wa mtaa mzima, wakiuviringisha kama kamba ya kitanda na kuutupa nyuma ya lori uende kuyeyushwa. Mzee alikuwa amesimama kivulini mwa lori. Amekonda. Nilitarajia kelele, nikashangaa kwamba hakuna. Nikajikuta mimi ndiye ninayepiga kelele, nikimuuliza msimamizi kwa nini wanautupa chini ovyo hivyo, kama vile waya ule haukunifanyia ubaya wowote.

"Waache, Mwalimu," Mzee akasema. "Wanafanya kazi."

Yalikuwa maneno ya kwanza kunisemesha tangu siku ile ya uani. Tukasimama. Kisha akauliza, "Yule wa sauti nyembamba yuko wapi?"

Nikamwambia. Alama alizozikosa, kurudia mtihani, na vile anavyodhani kwamba kichwa chake ndicho kibovu.

"Ulimwambia nini?"

"Nilimwambia ilikuwa mvua."

Uso wake ukabadilika, ile hasira yake ya zamani ikapanda mpaka machoni, na kwa mara ya kwanza iliniangukia mimi.

"Mvua," akasema. "Mpigie."

Nilipiga. Fardosa akaitika, nikamwambia kuna mtu anataka kumsemesha, nikaweka sauti wazi. Mzee aliishika simu kwa mikono miwili, mbali na uso. Alisalimia. Akajitaja jina lake, la baba yake na la babu yake, kama mtu anayetoa ushahidi. Aliongea Kiswahili, nadhani ili nami nielewe kila neno. Akamwambia, "Laini ya mwalimu wako ilikuwa mbovu kabla ya mvua. Nilibima nikajua, nikamwambia mwalimu ni safi, kwa ajili ya mambo yangu mwenyewe. Zile siku tatu mlizokaa ni mimi niliyewakalisha."

Wafanyakazi wa lori waliendelea kuvuta waya.

"Awoowe," Fardosa akasema mwishowe, akimwita babu kwa lugha yao, na sauti yake ilikuwa imekauka. "Sasa mimi nifanye nini na hilo?"

"Nikasirikie mimi," Mzee akasema. "Mimi ndiye. Usijikasirikie wewe tena."

Tulimsikia Fardosa akivuta pumzi, na mbuzi mahali fulani nyuma yake. Kisha akasema, "Nimekukasirikia," taratibu, kama anayejaribu kiatu, akakata simu.

Mzee aliifuta skrini kwa pindo la kikoi chake, akanirudishia, akashika njia ya kwenda nyumbani.